Alama za mwanadamu zinahesabu gorila: nani anazipima kwanza?

Mwezi wa 5 mwaka 2018 ilitangazwa kwamba gorila wa milima ya Virunga, katika Kongo, Rwanda na Uganda, wamefika 604. Mwaka 2010 walikuwa 480. Wengi walishangilia, wachache waliuliza hesabu ilipatikana namna gani.

Gorila waliozoea watu wanajulikana mmoja kwa mmoja. Wengine walihesabiwa kupitia kinyesi wanachoacha katika viota vyao vya usiku. Labo inatafuta katika ADN ya kinyesi hicho mikrosateliti, ni kusema vipande vifupi vinavyojirudia, ambavyo urefu wake unatofautiana kati ya gorila na mwenzake. Ni kama namba ya kadi ya uchaguzi.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba nyingi za alama hizo ziligunduliwa kwanza kwa mwanadamu. Zinakubali kwa gorila kwa sababu ni ndugu yetu wa karibu. Lakini pahali ADN yake ilibadilika hata kidogo, kipimo hakishiki: urithi wa baba unaonekana, wa mama unapotea bila kelele. Alama nyingine inashika, lakini gorila wote wanatoa urefu uleule, basi haina kazi. Undugu ukiwa wa mbali, mambo yanazidi kuharibika. Okapi wa Ituri, ambaye jamaa yake wa karibu ni twiga, hana bahati ya gorila.

Faida yenyewe haina ubishi. Kule Bwindi, Uganda, mwaka 2006, viota vilitoa gorila 336, ADN ikatoa 302, maana gorila mmoja anaweza kujenga zaidi ya kiota kimoja.

Kosa si kuazima. Kosa ni Kongo kubakia mbeba kinyesi, wakati majibu yanatoka Ujerumani. Alama inayosema mtoto si wa mama yake ni ya kutupa, na wanaomjua mama na mtoto ni wafuatiliaji wetu wanaoamka kila siku kuingia porini. Na tusiambiwe kwamba uwezo haupo: wakati wa Ebola ya 2018-2020, INRB ilisoma chembe za urithi za virusi humuhumu inchini.

Kituo cha utafiti cha Lwiro kiko jirani na Kahuzi-Biega. Serikali ikipeleka pale mashine na umeme usiokatika, kazi ya kwanza iko tayari: kuchukua mama gorila wanaojulikana, pamoja na watoto wao, na kupima alama moja baada ya nyingine.