Kumbukumbu si Ghala

Istilahi "kumbukumbu" imezoeleka katika maandishi ya Kiswahili kwa maana ya sehemu ya kompyuta inayotunza taarifa. Istilahi hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe si ya maneno tu.

Katika muundo ulioelezwa na John von Neumann mwaka 1945, kila taarifa huwekwa mahali penye namba, nayo hufuatwa kwa namba hiyo. Namba ikikosewa, hupatikana kitu kingine kabisa. Ubongo hauelekei kufanya kazi hivyo. Mwaka 1982 John Hopfield, aliyetunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2024 pamoja na Geoffrey Hinton, alieleza mtandao wa niuroni bandia ambamo kumbukumbu haina mahali pake pa pekee, bali imetawanyika katika nguvu za viungo vyote. Mtandao hupewa kipande, hata kilichoharibika, nao hujisogeza hatua kwa hatua hadi kwenye umbo zima lililo karibu nacho. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa: akisikia "Mtaka cha mvunguni", "sharti ainame" huja bila kutafutwa. Mtandao ukijazwa kupita kiasi huchanganya mambo, mithili ya mtu aanzaye methali moja na kuimalizia kwa nyingine. (Ni kweli kwamba mtandao huo waweza kuigwa katika kompyuta ya kawaida, tofauti ni ya mpangilio.)

Madhara ya kuchanganya dhana hizi huonekana zaidi uwandani. Mtafiti wa fasihi simulizi apandaye hadi Ibaba, katika wilaya ya Ileje isemwamo Kindali na Kilambya, akiwa na hojaji ya maswali yaliyopangwa kwa namba, humwendea mzee kana kwamba anafungua jalada. Mzee aombwapo hadithi tano akanyamaza, huandikwa kuwa amesahau. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kiswahili kina kitenzi "kumbusha": akumbukaye aghalabu amekumbushwa, kwa mwanzo wa wimbo, kwa jina la marehemu, au kwa jembe lililo mkononi. Mwenye kupaswa kuulizwa kwanza ni mtafiti: alimkumbusha kwa nini?

Vivyo hivyo, kanda inayowekwa maktabani bila maelezo ya kilichotangulia usimulizi, nani alianza na nani aliitikia, ina hadithi lakini haina kichocheo chake. Kwa kompyuta, neno "hifadhi" lingetosha.