Jedwali Halishiki Usukani

Tarehe 30 Novemba 2025, katika mbio za langalanga nchini Qatar, Kimi Antonelli wa Mercedes alikuwa akimfukuza Carlos Sainz, macho yote kwenye nafasi ya tatu. Mbio zilipokaribia kumalizika gari likamponyoka, likatoka nje ya njia, na Lando Norris akapita. Antonelli alishuka kutoka nafasi ya nne hadi ya tano, basi. Lakini Norris alikuwa akigombea ubingwa wa dunia na Max Verstappen, na pale aliokota pointi 2 za ziada. Wiki moja baadaye alitwaa taji kwa tofauti ya pointi 2.

Papo hapo watu wa Red Bull, timu ya Verstappen, walidokeza kwamba Antonelli alimpisha Norris kwa makusudi. Kufumba na kufumbua, kijana huyo wa miaka 19 alikuwa amefurikwa na matusi na vitisho vya kuuawa. Kesho yake Red Bull walitoa taarifa ya kujisahihisha: picha za marudio zinaonyesha wazi kuwa dereva alipoteza udhibiti wa gari. Picha hizo zilikuwepo tangu jana yake, na kila aliyetukana angeweza kuzitazama kwanza.

Nicholas Latifi wa Kanada alikuwa ameyaonja hayo tangu Desemba 2021. Akipigania nafasi za mkiani kule Abu Dhabi, aligonga ukuta na gari la usalama likaingia. Mwamuzi wa mbio akavuruga utaratibu wa kuanza upya, na katika mzunguko wa mwisho Verstappen akampokonya Lewis Hamilton ubingwa. Latifi hakuwa mwamuzi, wala hakuwa na mkono katika ugomvi wa wakubwa hao wawili. Hata hivyo alitishiwa kuuawa, na baadaye alieleza kwamba ilimbidi awe na walinzi alipokuwa London.

Ni rahisi kusema hao ni wahuni wachache na kuendelea na mazungumzo. Kinachosumbua zaidi ni hukumu za shabiki mstaarabu, yule asiyemtukana mtu, anayekuja kijiweni na takwimu zake mkononi: fulani amemaliza wa kumi na nane, kwa hiyo fulani hafai.

Mtu wa namna hiyo angemfukuza kazi Jenson Button mwaka 2008. Muingereza huyo alipata pointi 3 tu msimu mzima akiwa na Honda, na akamaliza wa 18. Desemba hiyo Honda wakajiondoa kwenye mbio za langalanga, na mkuu wa timu, Ross Brawn, akaichukua na kuipa jina lake. Gari jipya lilikuja na ubunifu wa sehemu ya chini nyuma, ambao wapinzani wengi hawakuwa nao. Button akashinda mbio 6 kati ya 7 za mwanzo, na mwaka 2009 akawa bingwa wa dunia. Wapinzani walipolifikia gari lile, hakushinda tena hata mara moja msimu huo. Dereva alikuwa yule yule. Anayedai kwamba Button alijifunza kuendesha Machi akasahau Juni ana kazi kubwa ya kueleza.

Kisha kuna Sakhir, Bahrain, Desemba 2020. Hamilton aliambukizwa Uviko, na timu yake, Mercedes, ikamwazima George Russell kutoka Williams. Russell alikuwa karibu na kumaliza msimu wake wa pili bila pointi hata moja. Mwezi uliotangulia, pale Imola, alikuwa amegonga ukuta nyuma ya gari la usalama akiwa kwenye nafasi ya kupata pointi, na dhihaka zilikuwa hazijaisha. Akajikunja ndani ya gari lisilopimwa kwa mwili wake, akavaa viatu vidogo kuliko mguu wake, na katika kupanga nafasi za kuanzia akazidiwa na Valtteri Bottas, dereva wa kudumu wa Mercedes, kwa sekunde 0.026. Mbio zilipoanza alimpita Bottas na kuongoza sehemu kubwa ya safari. Mafundi wakamfungia matairi ya mwenzake kimakosa, ikabidi arudi kubadilishiwa. Akaanza kuwapita watu upya hadi nafasi ya pili, kisha akapata pancha.

Na matokeo? Bottas wa 8, Russell wa 9. Mtu asiyetazama mbio zile, akifungua jedwali leo, ataamini kwamba Bottas ndiye aliyekuwa bora siku ile.

Mashabiki wanaojiona wamekomaa wana jibu lao: acha jedwali, mlinganishe dereva na mwenzake wa timu, maana gari ni moja. Ni kipimo kizuri kuliko vingine, lakini kinachechemea. Hamilton na Button walikaa McLaren pamoja kuanzia 2010 hadi 2012. Ukijumlisha pointi za miaka mitatu, Button ana 672 na Hamilton 657. Ukihesabu misimu, Hamilton alimshinda mara mbili kati ya tatu. Ukihesabu ushindi, Hamilton ana 10 na Button 8. Tena mwaka 2012 Hamilton aliharibikiwa na gari akiwa anaongoza, Singapore na Abu Dhabi. Kila upande utaondoka kijiweni na ushahidi wake, na hakuna atakayekuwa amedanganya.

Isitoshe, gari si moja kama wengi wanavyodhani. Timu hulijenga kufuata mahali dereva wake nyota anapopata kasi, na mwenzake hulazimika kuzoea tabia asizozipenda. Pierre Gasly aliondolewa Red Bull katikati ya msimu wa 2019 baada ya mbio 12 kando ya Verstappen, na wengi wakamfuta. Mwaka uliofuata alishinda Monza kwa gari la timu ndogo, AlphaTauri. Mwaka 2025 Liam Lawson alipewa kiti hicho hicho kwa mbio 2 tu. Mbio mbili! Hata fundi gereji humpa mwanagenzi muda mrefu zaidi ya huo.

Kenya nayo ina ushahidi wake. Shabiki aliyepanda kilimani Naivasha kutazama Safari Rally huliona gari kwa sekunde chache, vumbi likafunika, na hukumu ikatoka. Haoni kwamba anayeongoza msimu wa dunia huanza wa kwanza siku ya kwanza, akiwafagilia wenzake changarawe. Mwaka 2021 Thierry Neuville aliingia siku ya mwisho akiongoza, kifaa cha kuzuia mitikisiko kikavunjika, na Sébastien Ogier akabeba ushindi. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström walilingana kabisa kwa adhabu; Mehta alipewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Mehta aliongeza ushindi mwingine mara nne, kwa hiyo hakuna anayemdai ushahidi. Lakini Källström angeitwaje, mshindwa?

Tatizo si kwamba mashabiki hawajui mambo haya. Wanayajua vizuri sana, ila huyatumia kwa upendeleo. Kipenzi chao akishindwa, gari ni bovu. Adui yao akishindwa, dereva ni mbovu. Sergio Pérez alimaliza wa pili duniani mwaka 2023 na bado akaitwa mzigo, kwa sababu Verstappen alikuwa na pointi 575 na yeye 285. Huyu ndiye Pérez aliyegongwa katika mzunguko wa kwanza pale Sakhir 2020, akashuka hadi mwisho, kisha akashinda mbio zile zile zilizomponyoka Russell, wakati huo akiwa hana kiti cha msimu unaofuata.

Kwa msimu wa 2026, timu mpya ya Cadillac iliwachukua Pérez na Bottas pamoja: mmoja aliyepimwa miaka minne kando ya Verstappen, mwingine mitano kando ya Hamilton. Safari hii wanapimana wenyewe kwa wenyewe, ndani ya gari ambalo hakuna dereva mwingine aliyewahi kushindana nalo.