Nunueni Deni, Si Nyumba

Asubuhi moja ya Januari nilimkuta jirani yangu amesimama kando ya barabara, mikono mfukoni, akiitazama nyumba yake mwenyewe kama mpita njia. Aliendesha basi hapa New Jersey miaka 26. Mkewe alipofariki, kipato cha nyumba kilibaki nusu, na mkopo wa benki haukujua habari za msiba. Mlangoni palibandikwa karatasi ya sherifu. Kitasa kilikuwa kipya, na kisanduku cha funguo chenye namba kilining'inia hapo kama kufuli la ghala. Wiki iliyofuata walikuja vijana waliotumwa na benki, wakakausha mabomba yasipasuke kwa baridi, wakafunga choo kwa utepe wa plastiki, wakaenda zao. Nilichungulia dirishani. Kalenda ya kanisa ilikuwa bado ukutani.

Nyumba kama hiyo ndiyo wanasiasa wa jimbo hili waliyoitamani mwaka 2012. Seneta Raymond Lesniak alipeleka muswada wa kuunda chombo cha serikali ambacho kingenunua nyumba zilizotwaliwa na benki na kuzigeuza kuwa nyumba za bei nafuu. Bunge likaupitisha. Gavana Chris Christie akaukataa kwa kura ya turufu. Marafiki zangu wengi walisikitika. Mimi, ambaye sikubaliani na Christie hata akisema mvua inanyesha, siku hiyo nilimpigia makofi. Yeye alikuwa na sababu zake, nami nina zangu, na bado nazishikilia kwa sababu wazo lenyewe halifi. California ililifufua mwaka 2021 kwa kutenga dola milioni 500 ili mashirika yasiyo ya faida yanunue nyumba zilizo kwenye mkondo wa mnada. Ilipofika 2024 bajeti ikayumba, fungu likafyekwa. Lakini litarudi. Ni wazo lenye sura nzuri mno kuachwa.

Tatizo ni sura hiyo. Ukiambiwa kuna nyumba tupu huku na watu wasio na pa kulala kule, nani atasema hapana? Mimi nasema hapana, na naomba unisikilize kabla hujaniita mchoyo.

Fuata pesa. Hapa benki humshtaki mwenye nyumba mahakamani, ikapata hukumu, kisha sherifu akanadi. Mara nyingi hakuna anayepandisha bei, na benki huichukua nyumba kwa zabuni ya jina tu, dola 100, maana mdai ni yenyewe. Basi sasa nyumba ni yake, na hapo ndipo kilio chake kinapoanza. Lazima ilipe kodi ya majengo, ambayo New Jersey ndiyo kubwa kuliko zote Marekani. Lazima ilipe bima, ikate nyasi, izibe paa. Nyumba tupu mkononi mwa benki ni mzigo unaonuka. Ndipo serikali inapotokea na mfuko wa umma, ikiutua mzigo ule mabegani mwa benki na kuuita huruma kwa maskini.

Huruma kwa nani? Benki iliyogoma kumpunguzia mzee kama jirani yangu dola 300 kwa mwezi inakuja kulipwa kwa kodi ya mzee huyo huyo. Yeye amelala kwenye kochi la binti yake. Nyumba yake inapakwa rangi, inakatwa utepe mbele ya kamera, anaingia mpangaji mpya ambaye hana kosa lolote, na mheshimiwa anatabasamu. Familia moja imetolewa, familia nyingine imeingizwa, na hesabu ya waliopata makazi inaandikwa moja. Mimi hesabu hiyo naiita sifuri, tena sifuri iliyogharimu mamilioni.

Na tukumbuke mwaka wenyewe. Februari 2012 benki tano kubwa, Bank of America, JPMorgan Chase, Wells Fargo, Citigroup na Ally, zilikubali kulipa dola bilioni 25, baada ya kubainika kwamba hati za kutwaa nyumba zilikuwa zikisainiwa kwa maelfu na watu ambao hata hawakuzisoma. Hapa New Jersey, Jaji Mkuu Stuart Rabner alikuwa ameshaziita benki kubwa kujieleza tangu Desemba 2010. Serikali ya jimbo ikapata mgawo wake, zaidi ya dola milioni 70. Ukaenda wapi? Ukamwagwa kwenye bajeti ya kawaida kuziba matobo. Kwa hiyo Christie naye asijione mwema. Makofi yangu yalikuwa ya siku moja.

Kuna jingine linalonichoma zaidi. Washington ilikuwa imetoa dola bilioni 7.6 kwa majimbo 18 na mji mkuu ili kuwaokoa wenye nyumba kabla ya mnada. New Jersey ilipewa takriban dola milioni 300. Hadi mwisho wa 2011, nchi nzima, zilizotumika zilikuwa asilimia 3. Tatu! Watu walikuwa wakitolewa vyombo nje huku pesa za kuwaokoa zikisubiri fomu. New Jersey ilikuwa miongoni mwa waliojikokota, na fedha zake zilipitia kwenye wakala wa nyumba wa jimbo, ambao muswada ule ulitaka chombo kipya kiwekwe chini yake. Aliyeshindwa kumfikishia mgonjwa dawa akaomba apewe kazi ya kuchimba makaburi.

Utaniuliza, wewe ungefanya nini? Ningenunua deni. Hakuna uchawi hapo. Mwaka 1933, katikati ya mdororo mkuu, serikali ya Roosevelt iliunda shirika lililonunua mikopo ya nyumba iliyokwama kutoka kwenye mabenki, likairefusha na kuishusha riba, na familia zipatazo milioni moja zikapata mkopo mpya. Wengi wao waliendelea kukaa palepale, funguo zikiwa mifukoni mwao. (Shirika hilo hilo ndilo lililochora ramani zilizoipaka rangi nyekundu mitaa ya watu weusi, na doa hilo halifutiki. Lakini kosa lilikuwa kwenye rangi, si kwenye kununua deni.)

Wala huna haja ya kurudi miaka 90 nyuma. Vuka mto Delaware tu. Philadelphia, mwaka 2008, sherifu aligoma kunadi nyumba za watu, na mahakama ikaweka utaratibu: kabla ya mnada, benki na mwenye nyumba wakae meza moja, uso kwa uso, na mshauri pembeni. Boston nako kuna shirika la kijamii lililoanza mwaka 2009 kununua nyumba zilizotwaliwa, kwa bei ya soko la wakati huo, na kumuuzia tena yuleyule mwenyewe kwa mkopo anaoumudu. Yuleyule! Tofauti kati ya mpango huo na muswada wa Lesniak iko kwenye swali moja, nani anarudi ndani, nalo ndilo linalobeba kila kitu.

Wala sura hiyo nzuri haivutii huku tu. Dada yangu yuko Nakuru, Kenya. Kila mwezi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na yeye mwenyewe anahangaika na mkopo wa kiwanja chake. Nilipomsimulia habari ya muswada wa huku alicheka kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe na huko mnatibiwa kwa picha za majengo." Sikuwa na jibu.

Haki ni kusema pia palipotengenezwa. Mwaka 2019 New Jersey iliimarisha usuluhishi kati ya benki na mwenye nyumba. Mwaka 2024 ikapitisha sheria inayompa mwenye nyumba aliyeshtakiwa, ndugu zake na mpangaji wake nafasi ya kwanza kwenye mnada, na amana ya asilimia 3.5 badala ya 20. Imechelewa, lakini imeanza mahali panapostahili, kwa mtu aliye ndani. Hao wakishindwa kabisa, na nyumba ikabaki gofu, njoo na muswada wako wa bei nafuu, nami nitashika brashi ya rangi. Kabla ya hapo, sitaki kuusikia.

Nyumba ya jirani yangu ilikaa tupu misimu miwili ya baridi. Mabomba yalipasuka hata hivyo.

Na wewe unayesoma ukiwa Jersey City, Newark au Trenton, ukiwa na bahasha ya mahakama umeificha kwenye droo kwa aibu, itoe leo. Una siku 35 za kujibu tangu ulipokabidhiwa. Omba usuluhishi, na tafuta mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na serikali kuu. Huduma yake ya kuzuia mnada haina malipo.