Mchwa Hangoji Arubaini

Hakuna deni lililo jepesi kulipwa kama sifa za maiti. Afapo mtu aliyeiacha njia ya mshahara akafuata ushairi, uchoraji au ngoma, waliosoma naye hukusanyika matangani, wakakumbushana vituko vya darasani, na mmoja wao husimama akasema kuwa marehemu alizaliwa na kipaji. Aghlabu msemaji huyo ndiye aliyemwambia, alipokuwa hai, atafute kazi ya maana.

Desturi hii haina mipaka. Litapunga, katika wilaya ya Mpanda, imo ndani ya Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya mahindi na tumbaku, mbali na wachapishaji wa Dar es Salaam. Huko kijana ajazaye daftari kwa beti badala ya hesabu za mavuno huonekana amepotea. Lakini Unguja, inayojigamba kwa washairi wake, ina ubora gani? Tofauti ni kwamba hapa marehemu husifiwa kwa Kiswahili kizuri zaidi.

Watetezi watasema kuomboleza ni haki ya maiti na faraja ya wafiwa, na kwamba msiba si mahali pa kudaiana. Hayo ni kweli. Ila kumlilia mtu ni jambo moja, na kuilinda kazi yake ni jingine. Kilio kina siku zake, na matanga huanuliwa. Mchwa aliyeingia sandukuni mwenye madaftari hangoji arubaini.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Nani leo anawataja waliomlilia? Anayetajwa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya tungo zake zilizokuwa zikiishi vifuani mwa watu, akashirikiana na W. E. Taylor kuziweka katika maandishi. Diwani ilichapishwa mwaka 1940, karne nzima baada ya kifo cha mtunzi. Na zile tungo zilizosahauliwa kabla ya Sikujua kuzifikia, nani atazirudisha?

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi. Alipata miaka minne tu. Aliowafundisha hawakuwa matajiri, wala hawakuishia kumsifu: walishika brashi wakaendelea, na mtindo ule hadi leo unaitwa kwa jina lake. Hayo ndiyo maombolezo.

Basi waliosoma na msanii, awe wa Litapunga au wa Makunduchi, wana kazi iliyo wazi. Pamoja na mchango wa sanda na wa chakula, waulizie madaftari yalipo. Wayanakili kwa mkono ikibidi, waandike jina na tarehe, nakala moja ibaki kwa jamaa na nyingine ipelekwe skuli waliyosoma pamoja. Lililo bora zaidi ni kununua picha na kusikiliza shairi mwenyewe angali hai. Nauli za waombolezaji hupatikana kwa siku moja. Vipi fedha za kuchapa kijitabu zikosekane maisha mazima ya mtu?

Asiyeweza hata hilo, na anyamaze matangani. Aliyokuwa nayo ya kumwambia marehemu, marehemu alikwisha kuyasikia.