Kusafisha kizazi: tuachane na kukwangua

Mwanamke ambaye mimba imemtoka nusu, akiwa kijijini juu ya uwanda wa Makonde, hana muda wa kupoteza. Damu ikilowesha khanga ya kwanza hujifunga ya pili, kisha hupakiwa kwenye bodaboda kutafuta hospitali. Akifika huambiwa neno moja: "Utasafishwa." Ni wachache wanaoelezwa kwamba kusafishwa kuna njia mbili za vifaa, na kwamba hazilingani.

Ya kwanza ni kukwangua, ambayo wahudumu huiita D&C. Mlango wa kizazi hutanuliwa, kisha chombo cha chuma mfano wa kijiko chembamba hukwangua kuta za ndani. Kwa kawaida hutaka chumba cha upasuaji, daktari na dawa ya usingizi. Kizazi kinaweza kutoboka, au kikabaki na makovu yanayomzuia mama kushika mimba tena.

Ya pili ni kufyonza, yaani MVA: bomba la plastiki la mililita 60, linaloendeshwa kwa mkono, lenye mrija mwembamba wa kuingiza kizazini. Halitaki umeme. Ganzi na dawa ya maumivu hutosha, na mkunga aliyefunzwa anaweza kulitumia katika kituo cha afya. Mama akiwa salama hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kukata shauri. Mwongozo wake wa 2012 ulisema kukwangua kumepitwa na wakati. Wa 2022 unapendekeza kufyonza kwa mimba ya chini ya wiki 14.

Wapo wanaohofu kuwa kusambaza mabomba ni kuhalalisha utoaji mimba. Naielewa hofu hiyo, ila inachanganya mambo mawili. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 150, bado inamtishia mtoaji mimba kifungo cha miaka 14, na kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Kumtibu aliyeharibikiwa na mimba si kosa, iwe imetoka yenyewe au imechokonolewa. Kumnyima bomba hakuirudishi mimba. Kunamweka mama karibu na kaburi.

Wala kutibu kwa vifaa vichache si jambo geni huku: Masasi, jirani na uwanda wa Makonde, inaijua tiba hiyo. Daktari Leader Stirling alifika Lulindi, huko Masasi, mwaka 1935, akapasua wagonjwa porini miaka mingi, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Afya.

Lakini bomba nalo lina masharti. Likitumika tena lazima lioshwe na kutakaswa, na Newala, juu ya uwanda wa Makonde, inajulikana kwa adha ya maji. Kwa hiyo halmashauri zikipeleka mabomba bila mafunzo na tangi la maji, zitakuwa zimefanya nusu ya kazi.

Nawe dada, au mume uliyemsindikiza mkeo, mkiambiwa "utasafishwa," ulizeni: kwa njia gani? Ni haki yenu kujibiwa.