Ndege wa Uani Naye Ana Jina

Likizo iliyopita, mpwa wangu aliye katika gredi ya saba aliniletea simu ili nione picha aliyoipiga uani. Ilikuwa picha ya ndege mdogo aliyening'inia kwenye ua la mgomba, mweusi tititi, kifua chekundu mithili ya damu, mdomo mwembamba uliopinda kama mundu. "Mjomba, huyu anaitwaje?" akaniuliza. Mimi niliyefundisha Kiswahili kwa miaka mingi nikamjibu, "Huyo ni ndege tu."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Ndege yule ni chozi, mfyonzaji wa nekta ya maua. Jina lake nililijua tangu utotoni, ila kwa kutolitumia lilikuwa limenitoka. Ikiwa mwalimu amefikia hapo, mwanafunzi atajifunza kwa nani?

Nchi yetu ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Hata hivyo, watoto wetu huwataja upesi twiga, kifaru, simba na ndovu, wanyama waliomo katika sarafu zetu tangu 2018, ambao wengi hawajapata kuwaona kwa macho. Mnana anayesuka kiota chake mtini karibu na dirisha la darasa hana anayemjali. Laiti wangemtazama! Mnana dume hufuma kiota kwa nyuzi za majani mabichi, kisha huning'inia chini yake akipigapiga mabawa ili kumwita jike. Jike asiporidhika na kiota hicho, dume hukifumua na kuanza upya. Je, kuna funzo la bidii linaloshinda hilo?

Wapo watakaosema kuwa kuwapiga picha ndege ni anasa ya watalii wenye kamera za thamani. Sikubaliani nao. Ni kweli kwamba simu ya kawaida haiwezi kumnasa vyema ndege aliye mbali. Basi na tumvute aje karibu. Weka maji katika beseni lisilo na kina, kivulini, kisha uketi kimya asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Chiriku atakuja, shore atafuata, na tetere naye hatakosa. Mtoto aliyezoea kumlenga ndege kwa manati atagundua kwamba picha humpa windo lisilokufa.

Hata hivyo, picha nayo ina adabu zake. Asiwepo atakayekata matawi yanayokificha kiota ili apate mwanga mzuri, kwani makinda yataachwa wazi kwa jua kali, kunguru na paka. Ndege akilia kwa hofu au akikataa kurejea kiotani, mpiga picha na aondoke. Hakuna picha inayostahili kununuliwa kwa uhai wa kinda.

Fauka ya hayo, picha isiyo na jina ni nusu ya elimu. Kamusi zetu mara nyingi humwambia msomaji kwamba neno fulani ni aina ya ndege mdogo, zikakomea hapo. Mwanafunzi hukariri majina kama kurumbiza na jurawa pasipo kujua ni ndege gani wanaopewa majina hayo. Maneno yasiyo na sura hayadumu. Hufa na wazee walioyatumia.

Ndiposa nawasihi walimu wenzangu. Shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu, lakini mwalimu anayo yake. Tengeni sehemu ya ukuta wa darasa kwa picha za ndege wa mazingira ya shule. Chini ya kila picha paandikwe jina la Kiswahili, jina la lugha ya nyumbani, mahali na tarehe. Mtoto asiyelijua jina atumwe kwa nyanya yake akaulize. Insha zitakazotokana na zoezi hilo hazitakuwa za kunakiliwa vitabuni.

Mpwa wangu ameshapata jibu lake, ingawa lilichelewa siku moja. Sasa kila asubuhi huniuliza jina la ndege mwingine, nami nimelazimika kurejea shuleni uzeeni, darasa langu likiwa chini ya mgomba.