Wanaotungoja Wodini

Wapendwa wa Karatu na Ngorongoro, msimu wa wageni umefika. Magari yanapanga foleni pale lango la Lodoare, hoteli zimejaa, madereva na wapishi wetu hawalali. Ni riziki, tumshukuru Mungu. Lakini fedha ikiingia tu, kadi za michango ya harusi zinasambaa, kamati zinakaa kila wiki, na anayechelewesha ahadi yake anapigiwa simu mpaka alipe. Jirani aliyelazwa hana kamati.

Katika Mathayo 25, Yesu anawapokea kwenye ufalme wake waliomlisha mwenye njaa na kumwangalia mgonjwa. Anasema walimtendea yeye mwenyewe. Padri Herbert Watschinger, daktari kutoka Austria, aliishi neno hilo hapa kwetu. Alijenga hospitali ya Wasso kule Loliondo, kisha ya Endulen, ndani kabisa ya hifadhi, kwa ajili ya wafugaji ambao mjini ni mbali nao. Majengo tumeachiwa. Kilichobaki ni watu, maana katika hospitali zetu ndugu ndio wanaopika, wanaofua na kukesha, na aliyefika peke yake hulala na njaa huku dawa anazo.

Kwa hiyo nawaomba, kila jumuiya ndogo ndogo, kila mtaa wa KKKT, kila kikundi cha maombi: chagueni siku moja katika juma. Mlioko Karatu nendeni Hospitali ya Kilutheri. Mlioko hifadhini, Endulen. Bebeni unga, sabuni na kanga. Mwulizeni nesi ni nani hana ndugu, kisha mkae naye mzungumze, kwa Kiiraqw au Kimaasai ikiwa ndiyo lugha yake. Mkitoka, pitieni dirisha la malipo mpunguze deni la mtu mmoja. Kamati ya harusi nayo itenge fungu la wagonjwa kabla ya kulipia mapambo. Hakuna ndoa itakayopungukiwa baraka kwa hilo.

Nawe dereva unayekosa ibada kwa sababu ya kazi, ukishashusha wageni mpigie simu mmoja wa waliohama hifadhini kwenda Msomera tangu 2022. Walikuwa wakiimba kwaya nasi. Mwulize hali, mwombee hapo hapo kwenye simu.

Jumapili hii, wakati wa matangazo, mzee wa kanisa asimame na daftari aandike majina ya watakaoanza.